Jinsi ya kulibana jiji na kaunti yako ziache kuzungusha nyumba mahame mnadani

Hii ni kwa nyie mnaokaa Detroit, Flint, Cleveland na miji ya namna hiyo huko Marekani, mtaani kuna nyumba mbili tatu zimepigiwa mbao madirishani, nyasi zinakufika kiunoni, na ukiuliza unaambiwa eti linashughulikiwa. Miaka inapita.

Anza kwa kujua nyumba ni ya nani. Ingia tovuti ya kaunti, andika anwani, utaona jina la mwenye hati na deni la kodi (ile ya serikali ya kumiliki nyumba, si ya pango). Mi nilifanya hivyo kwa ile ya kona ambayo mabomba ya shaba yalishang'olewa zamani, nikidhani mwenyewe kafariki, kumbe ni ya kampuni ya jimbo lingine kabisa, waliinunua kwenye mnada wa kaunti wa nyumba zenye deni la kodi, na wao kodi hawajalipa hata senti. Andika zote kwenye daftari, mwenyewe nani, kanunua lini, anadaiwa ngapi. Ukienda kwenye baraza la jiji ukalalamika mtaa mchafu watakuitikia kwa kichwa tu, ila ukiwasomea nyumba 6 na 4 kati yake zimetoka kwenye mnada wa kaunti, hapo wanaacha kuchezea simu.

Maana ugonjwa uko kwenye huo mnada. Michigan, jimbo lenye Detroit na Flint, zamani nyumba ya deni la kodi iliweza kukaa mpaka miaka 7 huku walanguzi wakiuziana makaratasi ya deni, sheria ya 1999 ikafupisha ikawa kama miaka 3 kaunti inaichukua, vizuri, lakini baada ya hapo inapigwa mnada mtandaoni, na kule Wayne, kaunti ya Detroit, raundi ya pili bei imewahi kuanzia dola 500. Nyumba kwa bei ya simu! Mtu anabeba ishirini bila kuona hata moja, za kupangishwa anapangisha, kodi halipi, miaka 3 ikiisha zinarudi mnadani zilezile zikiwa mbovu zaidi.

Kwa hiyo dai lenu liwe nyumba zipite kwanza benki ya ardhi, yaani taasisi ya umma ya kushika nyumba na viwanja hivyo. Dan Kildee alipokuwa mweka hazina wa kaunti ya Genesee, ndiko Flint, aliianzisha kule: nyumba inashikwa, hati inasafishwa madeni na madai ya zamani, ya kubomoa inabomolewa, nzima inauzwa kwa mtu wa kukaa au kukarabati, na pesa ya zile nzuri inazibeba zile mbovu. Wakikwambia hakuna bajeti, waambie Michigan sheria inairudishia benki nusu ya kodi ya nyumba ilizouza, kwa miaka 5 baada ya kuziuza. Na msisahau viwanja vitupu, Detroit jirani asiye na deni la kodi ameweza kuuziwa kiwanja kinachopakana na kwake kwa dola 100, watu wamepanda sukuma na mahindi humo.

Ila msidhani benki ni dawa ya kila kitu, ya Detroit ilifika kushika mali zaidi ya 90,000, hebu fikiria nani anafyeka nyasi zote hizo. Daini muda maalum wa mnunuzi kukarabati, na akishindwa nyumba irudi benki.

Sasa hili nimelichelewesha lakini kwangu ndilo la kwanza, mtu asitolewe kwake kabisa. La sivyo utakuwa unakumba maji na mtumbwi una tundu. Mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa kodi ya serikali kwa nyumba anayoimiliki na kukaa, wengi hawajui, au fomu imewashinda ndo mpaka wanafukuzwa. Na ikiuzwa kwa deni, pesa inayobaki ni ya mwenyewe: 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Geraldine Tyler, bibi wa miaka 94 wa Minneapolis, deni lilikuwa kama dola 15,000, nyumba ikauzwa 40,000, kaunti ikabaki na zote, majaji 9 kwa 0 wakasema hapana.

Michigan siku ya mwisho ya kulipa deni kabla kaunti haijaichukua nyumba kwa kawaida ni Machi 31, basi msingoje Machi. Chapisha kopi kumi za hiyo fomu ya msamaha, ya kwanza mpelekee yule mzee wa nyumba ya tatu ambaye barua za kaunti anazirundika juu ya friji bila kufungua, kaeni mjaze naye, na mwakani umpitie tena maana mara nyingi inaombwa upya.