Jinsi ya kuifuatilia AS Douanes ya Dakar ukiwa Dar

AS Douanes ni timu ya kikapu ya Senegal; jina ni Kifaransa, maana yake forodha. Mimi naitazamia kibanda umiza, Sinza. Anza na saa: Dakar wako nyuma yetu saa 3, kwa hiyo mechi ya saa 11 jioni kwao, huku ni saa 2 usiku. Ikichezwa Kigali, ongeza saa 1 tu. Mwenye kibanda mwambie mapema. Siku ya Simba au Yanga usijisumbue, utazomewa bure. Robo ni 4 za dakika 10, ila saa husimama kila filimbi ikilia, basi usiage nyumbani kwamba unarudi sasa hivi. Kama ni mgeni, tafuta YouTube fainali ya BAL (ligi ya kikapu ya Afrika) ya 2023, Al Ahly walipowafunga hawa watu wa forodha 80-65. Inauma. Itazame kwa bando la usiku, ni nafuu.