Kano ya kisigino: miezi mitano bila ya mbio

Nakimbia masafa marefu hapa Pemba, barabara ya Chake Chake kwenda Wete, na anayeijua anajua ilivyo na vilima. Vilima hivyo vilinipa pumzi, na ndivyo vilivyoniumiza kano ya kisigino cha kulia, ile kamba ngumu inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Ilianza kwa ugumu wa asubuhi: nikitoka kitandani nachechemea, nikipata joto nasahau, natoka mbio. Nikaendelea hivyo wiki sita. Wewe ukiona dalili hiyo siku tatu mfululizo, simama.

Kwanza ujue unaumwa nini. Kama ulihisi umepigwa teke kwa nyuma na sasa huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama maumivu yako juu ya mfupa, mahali unapoweza kupaonesha kwa ncha ya kidole, huenda mfupa umefanya ufa. Acha mbio, na umweleze daktari vizuri, kwani ufa huo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo.

Utaletewa mafuta ya karafuu. Mimi nilichuliwa kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, na kesho yake kisigino kikavimba zaidi. Shavu la mguu lichuliwe taratibu, lakini kano inayouma iachwe. Na vidonge vya sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) usinunue ovyo dukani: dawa za jamii hiyo zinaweza kudhoofisha kano hata ikakatika, na Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe tangu 2008.

Tiba yangu ilikuwa kidato cha baraza. Njia hii aliitangaza daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Simama ukingoni kwa nusu ya mbele ya mguu, kisigino kikining'inia, mkono umeshika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Kurudi juu, tumia mguu usioumwa. Mara 15, duru tatu goti likiwa limenyooka, tatu likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Kama maumivu yako chini kabisa, kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, usishuke chini ya usawa. Itauma kidogo. Katika kumi, mimi nilikubali mpaka nne, na hakimu wangu alikuwa hatua za kwanza za asubuhi ya pili yake: zikiwa mbaya kuliko jana, napunguza.

Mwili, hata hivyo, ulikuwa sehemu nyepesi. Kila baada ya sala ya alfajiri wenzangu hupita mbele ya nyumba yangu, na nawajua kwa vishindo vyao. Mmoja huburura mguu wa kushoto. Nilikuwa najifunika shuka nisiwasikie. Siku moja nikamfokea mwanangu kwa chai iliyomwagika, mtoto akatetemeka, nikaelewa kwamba huzuni yangu imeshawafika watu wasiohusika. Nikamwambia mke wangu ukweli: naogopa sitakimbia tena. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia hivyo, asiyekukatiza kwa kukwambia ushukuru si maradhi makubwa.

Kisha ile saa ya mbio usiiache tupu. Mimi niliihamishia barazani. Wenzangu wakipita wananikuta kidatoni, wananiuliza, "Vipi mguu?" nami najibu, "Leo afadhali."

Pumzi niliilinda baharini, nikikimbia ndani ya maji ya kifuani, nusu saa, daima na mwenzangu. Maji kujaa huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo waulize wavuvi, na upange wiki yako kwa bahari.

Nilipoweza kutembea nusu saa bila ya maumivu, nilikwenda uwanja wa Gombani, pahala tambarare: dakika moja mbio, mbili kutembea, mara kumi, kisha siku nzima ya kupumzika. Vilima niliviweka mwisho kabisa. Cha kwanza, mwezi wa tano tangu nisimame mbio, nilikipanda kwa kutembea, wenzangu wakinisubiri juu.