Chapati ya Karoti na Maharage kwa Chakula cha Mchana cha Shule

Chakula cha shule hupikwa alfajiri na kuliwa saa sita au saa saba mchana. Wali uliopendeza jikoni huwa umekauka mtoto anapoufungua darasani, naye huurudisha nyumbani kama ulivyo. Kwa sababu hiyo, mimi huchagua kwanza chakula kitamu hata kikiwa kimepoa. Chapati hii hushikwa kwa mkono mmoja na haimwagiki kwenye begi.

Hatua ya kwanza: maharage. Loweka kikombe 1 cha maharage ya njano tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Hapa Moshi mimi huyanunua Soko la Mbuyuni. Jioni mwaga maji hayo, weka mapya, na uyaache yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kwa kuwa maharage yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Punguza moto mpaka yalainike kabisa. Kaanga kitunguu na nyanya, changanya, kisha ponda hadi upate rojo nzito isiyochuruzika, kwani rojo nyepesi ndiyo hulowanisha chapati. Yakipoa kidogo, kamulia limao: vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai hufanya kinyume chake, hivyo isiambatane na mlo huu. Hifadhi kwenye friji.

Hatua ya pili: chapati. Chukua karoti 1 kubwa uikune kwa upande wa kikunio wenye matundu madogo. Tafadhali usiuruke ushauri huu, maana nyuzi ndefu ndizo watoto huzichomoa moja moja na kuziweka pembeni. Changanya na vikombe 2 vya unga wa ngano, chumvi kidogo na vijiko 2 vya mafuta, kisha kanda kwa maji ya moto ukiyaongeza kidogo kidogo. Maji ya moto huifanya chapati ibaki laini hata ikipoa, na mafuta husaidia mwili kupata vitamini A ya karoti. Funika donge kwa nusu saa, sukuma, choma.

Hatua ya tatu: kufunga. Acha chapati zipoe kabisa, la sivyo mvuke utazilowanisha ndani ya kontena. Paka maharage yakiwa baridi kutoka kwenye friji, kunja, kata vipande viwili. Pembeni weka chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa usiku. Itakilinda chakula dhidi ya joto, hasa Januari na Februari, na mchana mtoto atakunywa maji hayo. Asiye na friji aloweke usiku, apike alfajiri, na ayafunge maharage yakiwa ya moto sana katika hotpoti iliyopashwa kwanza kwa kujazwa maji yanayochemka kwa dakika 10 kisha yakamwagwa, chapati zikiwa kando.

Kwa tunda, chungwa lililomenywa linatosha.

Hatua ya nne: majaribio. Mpe mtoto chapati hiyo Jumamosi nyumbani, ikiwa baridi, kabla ya kumfungia Jumatatu. Akiacha kingo, sukuma nyembamba zaidi. Akilalamikia ladha ya maharage, ongeza nyanya na upunguze kitunguu. Chakula kipya mara nyingi hukataliwa mara kadhaa kabla ya kukubalika, kwa hiyo endelea kumpa kipande kidogo bila kumlazimisha.