Ukipangiwa kukatwa kipande cha pafu

Swali la kwanza ninaloulizwa wodini kwetu ni "Sista, nitabaki na pafu moja?" Mara nyingi hapana. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, na saratani ikiwahiwa kabla ya kusambaa daktari huondoa kipande chenye uvimbe pamoja na tezi za jirani. Uvimbe usiozidi sentimita 2, ukiwa pembezoni mwa pafu, huenda ukakatwa padogo zaidi. Muulize anakata kiasi gani na kwa nini.

Kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, sema hata kama ni zamani. Makovu yake hugandisha pafu kwenye ukuta wa kifua, na kazi ya saa chache ikawa ndefu.

Sigara acha leo, usingoje tarehe. Halafu panda ngazi kila siku. Nilikuwa na mzee mmoja mvuvi aliyepanda mpaka ghorofa ya tatu, akisimama kila kona kujifanya anasoma simu. Siku ya kupuliza mashine ya kupima pumzi alituchekesha kwa majigambo.

Ukizinduka utakuta mpira ubavuni, umeishia kwenye chupa yenye maji. Hapo ndipo ndugu hunitia wazimu: wanafika na uji, wanainyanyua chupa na kuiweka kitandani "isije ikapigwa teke". Chupa ikae chini ya kifua muda wote, la sivyo maji yanarudi ndani. Mpira usiukunje, usiulalie, wala usiubane unapokwenda chooni. Maji yakipanda na kushuka unavyopumua, usishtuke. Ukiona mpira umechomoka, piga kelele.

Kukohoa ni lazima. Omba dawa ya maumivu kwanza, subiri ifanye kazi, kumbatia mto upande wa kidonda, vuta pumzi ndefu, kohoa. Wanaume wanaojikaza bila dawa ndio wasiokohoa, na makohozi yakilala huko ndani yanaleta nimonia.

Nyumbani, tambaza vidole ukutani kwenda juu kila siku, bega lisigande. Homa, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukata ghafla: rudi siku hiyohiyo.

Na usitoke wodini bila kuandikiwa tarehe ya majibu ya maabara. Zile tezi ndizo zitakazoonyesha kama unahitaji dawa zaidi baada ya kisu.