Umenyanyua gari? Ning'iniza tairi kwanza, uangalie mpira wa breki na waya wa sensa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi wa chini ya gari hapa Kigoma, na kwa barabara zetu hizi kazi ya kunyanyua gari, yaani kuiongezea kimo kwa springi ndefu, haikatiki, leo Land Cruiser Hardtop, kesho Hilux, keshokutwa Prado, nyingine zinapanda Kasulu na Kibondo, nyingine zinaenda Uvinza halafu zinashuka mpaka Kalya huko ambako mvua ikishanyesha barabara inabaki makorongo tu. Mtu anaongeza inchi 2, anafungiwa springi mpya na shokapu ndefu, gari inashushwa chini, anaiangalia kwa mbali anaona imesimama kidume, analipa anaondoka. Sasa mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi, na waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki, hakuna aliyevigusa, urefu wao ni uleule wa kiwandani wakati chesisi na ekseli zimeshaachana.

Nilijifunza kwa Hilux ya mteja wangu mmoja. Niliinyanyua mwenyewe, nikakagua gari ikiwa chini, mipira ina nafasi, waya umelegea vizuri, nikasema imeisha. Siku kama kumi baadaye akanipigia, kila akikata kona ya kulia kali taa ya ABS inawaka. Alivyorudi nikanyanyua, nikakunja usukani mpaka mwisho, nikaona waya wa sensa umechomoka kwenye klipu yake na ganda lake limekuwa jembamba, lina weupe pale ulipovutwa, nikiubinya kwa vidole nasikia kabisa shaba ndani imekatika. Kilichonitisha ni cha jirani yake, mpira wa breki upande huohuo, pale unapoingia kwenye chuma ulikuwa na vinyufa vidogo vimezunguka kama pete. Huyu mtu alikuwa ameshuka ile milima na familia yake ndani. Toka siku hiyo gari haitoki mikononi mwangu bila kuning'inizwa, maana gari ikiwa imesimama chini haikwambii ukweli, ukweli unatoka tairi likiwa linaelea.

HATUA YA 1: kuinyanyua salama
Tafuta sehemu ngumu na tambarare. Udongo wetu mwekundu ukilowa jeki inazama huku unaiona, kwa hiyo weka chini ubao mnene, mimi nina kipande cha mninga nakitumia miaka yote. Zuia tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma, jeki ishike chesisi na sio ekseli, halafu weka stendi mbili chini ya chesisi na ushushe uzito wote juu ya stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni ya dakika moja. Ukimaliza mbele, nyuma unafanya hivyohivyo.

Na kama bado unafunga, yaani shokapu hujazirudisha, kuwa makini sana kwenye gari za koili, yaani springi za kujizungusha. Hardtop za kuanzia 1999 mbele ni koili, Prado mbele na nyuma ni koili, hapo kinachozuia ekseli isishuke sana ni shokapu. Ukiitoa, ekseli inashuka inaning'inia kwenye mpira wa breki na waya. Weka jeki ya pili chini ya ekseli KABLA hujafungua nati ya shokapu. Springi za majani zina unafuu kidogo, zenyewe zinaishikilia ekseli, lakini weka jeki hivyohivyo.

HATUA YA 2: kidole na uzi
Tairi zinaning'inia, shokapu zimefungwa zimevutika mpaka mwisho wake. Sasa pitia mpira mmoja mmoja kuanzia unapotoka kwenye chesisi mpaka unapoingia kwenye kalipa (chuma kinachobana pedi za breki) au kwenye ekseli, uusukume pembeni kwa kidole katikati. Mpira mzuri unakubali, unapinda, unarudi. Ukiukuta umekaza kama uzi wa zeze huo haufai, na hata ule ambao haujakaza kabisa ila umenyooka mstari mmoja mimi siupitishi, kwa sababu ukitua kwenye shimo kwa kasi bushi (mipira ya kwenye viungo) zinaminyika na ekseli inashuka zaidi ya pale unapoiona. Nataka nione kama sentimita 2 au 3 za kulegea. Shokapu ndiyo iwe ya kwanza kufika mwisho, mpira wa breki usiwe ndio unaobeba ekseli hata sekunde moja.

Kama umefupika, chukua uzi wa kawaida, ushike mwanzo wa mpira, uupitishe njia ileile mpira unayopita mpaka mwisho wake, usukani ukiwa umekunjwa upande unaovuta zaidi, halafu pima ule uzi na uongeze sentimita 4. Huo ndio urefu wa mpira mpya wa kuagiza, usiende dukani na makadirio ya macho.

HATUA YA 3: usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto
Hapa ndipo nilipokosea mimi kwenye ile Hilux, kwa hiyo usipaharakishe. Washa swichi tu ili usukani usijifunge, injini iwe imezimwa, mtu mmoja akae kwenye usukani na wewe kaa pembeni ya tairi. Akunje taratibu mpaka mwisho kulia, asimame, wewe uangalie. Kisha kushoto. Kwenye gari zenye ami mbele (mikono ya chuma inayoshika tairi) kama Hilux na Prado, waya wa sensa unatoka kwenye nako (chuma kinachogeuka pamoja na tairi) unapanda juu ya ami ya juu unaenda kwenye bodi, na ile sehemu kati ya klipu ya nako na klipu ya ami ndiyo inayoumia, sio urefu wote wa waya. Unaweza ukakuta waya mzima ni mrefu tu, ila kipande kimoja kati ya klipu mbili kimevutika mpaka kinang'aa. Dawa yake mara nyingi ni rahisi, unafungua klipu, unagawa upya ile nafasi, unarudishia.

Kama hakuna mtu wa kukusaidia weka simu irekodi video chini ya wingi, kakunje usukani mwenyewe, rudi uangalie.

Waya ukiutilia shaka chomoa plagi upime sensa kwa mita huku unautikisa, ulinganishe kulia na kushoto. Namba ikirukaruka ukitikisa, umekatika ndani. Hiyo ni kwa sensa za zamani za waya mbili zenye koili, sensa mpya zina elektroniki ndani na kuzipima omu hakukupi jibu, hizo zisomwe kwa mashine.

HATUA YA 4: ekseli ikilala upande
Gari porini hazishuki tairi mbili sawasawa, moja inapanda nyingine inaning'inia. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye stendi weka jeki chini ya ekseli upande mmoja, ipandishe, upande wa pili ubaki chini kabisa. Angalia mpira wa nyuma ule mmoja wa katikati unaoshuka kwenye difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli). Halafu badilisha upande.

Tairi likipanda juu kabisa nako kuna shida yake, mpira uliokuwa umekaza sasa unakuwa mrefu, unaweza kugusa tairi au kubanwa na koili. Kwenye jeki hupati uzito wa kutosha kuliona hilo, mimi natoa gari nje nasogeza tairi moja kwenye kichuguu taratibu, na huku vichuguu hatujapungukiwa, mwenzako akiwa anaangalia kwa pembeni, asiwe chini ya gari. Alama ya mpira kusuguliwa ni ule mng'aro mweusi laini, ukiuona tafuta kilichougusa.

HATUA YA 5: ndugu wengine wanaosahaulika
Mpira wa kupumulia difu, ukichomoka hutajua, utavuka maji ya Luiche msimu wa mvua na mwezi ujao oili ya difu inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Kebo ya hendibreki, waya wa difloku (kifaa cha kufunga difu). Na kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi kuna kifimbo kinatoka kwenye ekseli ya nyuma kinaenda kwenye valvu ya mzigo kwenye chesisi. Ile valvu inapima mzigo kwa kuangalia chesisi iko juu kiasi gani, sasa wewe umeinyanyua inchi 2, yenyewe inajua gari haina kitu, inapunguza breki za nyuma hata kama umejaza chumvi ya Uvinza mpaka juu. Ishushie kitako chake (chuma kinachoishikilia) au urekebishe kile kifimbo kulingana na ulivyonyanyua.

HATUA YA 6: kurekebisha
Kama mpira ni mzima na umepungukiwa kidogo tu, unatengeneza kitako cha kushusha pale unaposhikwa kwenye chesisi, na lile paipu la chuma unalikunja polepole kwa kulizungushia kitu cha duara, likipata kona kali litupe. Gari iliyobeba chumvi muda mrefu angalia paipu kwanza, kutu ikishalila ukilikunja linakatika.

Ukihitaji mpira mrefu nunua uliotengenezwa kwa breki. Nimeshaona mipira imeunganishwa kwa kipande cha paipu na klempu, jamani, ukikanyaga breki kwa nguvu presha ya mle ndani inafika baa 100 na kupita, wakati tairi lako lina baa 2 na kitu. Washa za shaba weka mpya. Mpira usiukamate na koleo kuzuia mafuta, unaua utando wa ndani, na kalipa ifunge na waya wa chuma kwenye springi, isining'inie kwa mpira.

Kisha toa upepo kwenye mafuta ya breki. Gari nyingi unaanza tairi la mbali na masta (silinda inayosukuma mafuta ya breki), unamalizia la karibu, ila baadhi ya Prado zenye pampu ya umeme zina utaratibu wake, fuata kitabu cha gari. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, ya chupa mpya, sio ile iliyokaa wazi toka msimu wa mvua uliopita, imeshanyonya maji.

HATUA YA 7: kabla ya kumkabidhi mwenyewe
Injini ikiwa inawaka kanyaga pedali kwa nguvu, ishikilie dakika nzima, isizame. Mwenzako apite kila kiungo na tishu nyeupe kavu, ikilowa hata doa, rudi. Jaribu mwendo mdogo sehemu ya wazi, kata kona kali pande zote, taa ya ABS isiwake.

Mimi kila nati niliyogusa naichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye kitako, na namwambia mwenye gari arudi baada ya kilomita 100 na tena zikifika 500, kwa sababu springi mpya zinakaa na bushi zinajipanga. Akirudi naangalia mistari, uliovunjika naikaza nati yake, halafu naweka stendi na kuning'iniza tairi tena kuanzia hatua ya 2.