Baada ya jina kutajwa: namna ya kukisia nani atapata namba WNBA

Drafti ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, ni usiku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Huanza usiku wa manane kwa saa za Dar, na kukicha kundi letu la WhatsApp limeshajaa utabiri. Huyu nyota, yule ataanza mechi ya kwanza, fulani tuzo ya mchezaji bora mpya ni yake. Mimi kwenye ligi ya kikapu hapa mjini hukaa mezani na kujaza karatasi ya mchezo: nani kafunga, nani ana faulo nne, nani hajaingia kabisa. Ukijaza karatasi hizo muda mrefu, unaanza kumwangalia sana yule asiyeingia. Ndiyo maana kwenye ubishi wa drafti huwa niko upande wa wachache, na wenzangu wameniomba niandike ninavyopiga hesabu zangu. Haya basi.

Anza na nafasi, mtu baadaye

Usifungue takwimu za chuo kwanza. Fungua kikosi cha timu iliyomchagua.

Mwaka 2024 ligi ilikuwa na timu 12, na timu haikuruhusiwa kubeba zaidi ya wachezaji 12. Zidisha unapata 144, basi, hao ni Wamarekani pamoja na wageni wote wa kutoka Ulaya, Australia na kwingineko. Usiku wa drafti yalisomwa majina 36, raundi tatu za majina 12. Ili wote wapate kazi, robo ya ligi ingebidi iondoke kila mwaka. Hili si daladala la Mbagala ambalo kondakta akisema "sogea nyuma" nafasi hupatikana. Mwaka 2025 Golden State Valkyries waliingia zikawa timu 13, na 2026 ni zamu ya Toronto na Portland, lakini vyuo navyo vinatoa wahitimu kila mwaka bila kupumzika.

Halafu kuna pesa. Kwa mkataba wa ligi na wachezaji uliotumika mpaka msimu wa 2025, ukomo wa mishahara kwa timu nzima mwaka ule ulikuwa dola 1,507,100, na hakukuwa na ujanja wa kuuvuka. Mastaa wawili watatu wakishalipwa, timu ilikosa hela ya mtu wa 12, ikabeba 11. Na mkataba wa mchezaji mpya kwa kawaida haukuwa na dhamana: aliweza kuachwa kabla ya msimu kuanza, asilipwe mshahara wa mwaka. Paige Bueckers wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), namba moja wa 2025 aliyekwenda Dallas, mshahara wake wa ligi mwaka huo ulikuwa dola 78,831. Wa raundi ya tatu ulikuwa 66,079, kama alibaki.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu una jina la timu, idadi ya wenye mikataba ya uhakika, na kinachobaki. Ikibaki nafasi moja na timu imechagua watu wanne, jibu unalo hata kambi ya mazoezi ya kabla ya msimu haijafunguliwa.

Mfano wa Las Vegas

Ukitaka darasa moja tu, chukua Las Vegas Aces wa 2024. Wametoka kuchukua ubingwa mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Wakachagua wanne: Dyaisha Fair wa Syracuse namba 16, Kate Martin wa Iowa namba 18, Elizabeth Kitley wa Virginia Tech namba 24, na Angel Jackson namba 36.

Kwenye kundi letu kura zote zilikwenda kwa Fair, na ukisoma takwimu huwezi kuwalaumu. Alimaliza chuo akiwa na pointi 3,403, wa tatu katika historia ya NCAA, michezo ya vyuo vya Marekani, daraja la kwanza kwa wanawake. Martin alikuwa yule anayesimama pembeni Caitlin Clark, nyota wa Iowa, akifunga. Hata kwenye ukumbi wa drafti kule Brooklyn hakualikwa kukaa na wachezaji. Alikuwa jukwaani na watazamaji, amekuja kumshangilia Clark, ndipo akasikia jina lake.

Aliyebaki ni Martin. Fair na Jackson wakapigwa chini, na Kitley, aliyekuwa na jeraha la goti, timu ikashikilia haki zake, yaani timu nyingine isimsajili.

Sasa fungua kikosi. Wa pili kwenye orodha ile ile ya wafungaji wa NCAA, Kelsey Plum, alikuwa tayari anaichezea Aces. Wapo pia Jackie Young na Chelsea Gray. Fair ni gadi, yaani mwendesha mpira wa nje, wa futi 5 na inchi 5, anayehitaji mpira mkononi ili awe na faida. Nani ampe mpira pale? Martin ana futi 6, anazuia gadi hata foadi mdogo, yule wa pembeni, anasubiri kona na kutupa tatu mpira ukimfikia, na anaweza kukaa robo mbili benchi akaingia dakika nne asiharibu kitu. Bingwa hahitaji mfungaji mwingine, anahitaji mtu wa dakika nne.

Hilo ndilo swali ninalouliza kwa kila msichana anayetoka chuoni: atafanya nini pale mpira ukiwa kwa mwingine? Ukikosa jibu, punguza matumaini, hata kama chuoni alikuwa malkia.

Kipi kinavuka kutoka chuo, kipi kinabaki

Pointi hazivuki kirahisi. Saa ya shambulizi chuoni ni sekunde 30, WNBA ni 24, na hizo sita zinamuumiza zaidi gadi aliyezoea kuutembeza mpira taratibu huku akimtazama kocha. Mstari wa pointi tatu uko umbali ule ule, kwa hiyo mtupaji mzuri wa chuoni anakuja na bidhaa yake ikiwa nzima. Ndiyo maana watupaji huwa nawapa alama za juu.

Masenta, wale warefu wa chini ya kikapu, ni habari nyingine. WNBA mzuiaji haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la rangi, lile la mbele ya kikapu, zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu kwa karibu. NCAA sheria hiyo haipo. Senta aliyepata sifa ya kuziba mitupo kwa kupiga kambi chini ya kikapu anafika kule anaambiwa toka, kamfuate mtu wako nje. Ukitazama mechi zake za chuo, usihesabu alizoziba. Tazama miguu yake anapovutwa mpaka mstari wa tatu na gadi mwepesi: anarudi nyuma kwa mpangilio au anageuka kukimbiza mgongo?

Muda nao ni mfupi mno. Mwaka 2024 fainali ya vyuo ilichezwa Aprili 7, drafti Aprili 15, na Mei 14 Clark akawa uwanjani na Indiana Fever dhidi ya Connecticut Sun. Alifunga 20 na kupoteza mpira mara 10. Yule ni mfungaji bora wa historia ya NCAA, pointi 3,951, na alimaliza msimu akiwa mchezaji bora mpya. Sasa fikiria wa raundi ya tatu, ambaye kwenye kambi hapewi nafasi ya kupoteza hata mipira mitatu.

Namba ya drafti isikulevye

Wabongo hili tunalijua kupitia Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies ya NBA, ligi ya wanaume, na Februari 2010 akashushwa kwenda kucheza ligi ya chini na Dakota Wizards. Tuliumia. Lakini angalau alikuwa na pa kushushwa! Wanawake, mpaka msimu wa 2025, hawakuwa na ligi ya chini ya aina hiyo. Aliyekosa nafasi kwenye 12 alikuwa nje ya mlango.

Charli Collier alikuwa namba moja wa 2021, Dallas Wings. Mei 2023 timu hiyo hiyo ikamwacha. Upande wa pili, Becky Hammon hakuchaguliwa kabisa 1999 alipotoka Colorado State, akaingia New York Liberty kwa mlango wa uani, na 2023 akaingizwa kwenye jumba la heshima la kikapu la Naismith. Erica Wheeler naye hakutajwa 2013, na 2019 akawa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote. Katikati ya pande hizo mbili yupo Crystal Dangerfield, namba 16 wa 2020: alichukua tuzo ya mchezaji bora mpya akiwa Minnesota, na kabla ya msimu wa 2022 Minnesota ikamwacha.

Mimi naitumia namba hivi: wanne wa kwanza, weka kwamba watabaki mwaka wa kwanza. Kuanzia raundi ya pili, sahau namba, rudi kwenye hesabu ya nafasi.

Akiachwa Mei, usimfute

Hapa ndipo wengi wanafunga daftari, na hapa ndipo mimi hupata ushindi wangu mdogo.

Kaitlyn Chen alitoka UConn akiwa bingwa wa vyuo 2025, akachaguliwa namba 30 na Valkyries, akaachwa kambini. Ungetazama kalenda ungeona kitu: Juni ile kulikuwa na EuroBasket ya wanawake, mashindano ya mataifa ya Ulaya, na Valkyries ilikuwa imejaza wachezaji wa Ulaya, akina Janelle Salaün wa Ufaransa na Cecilia Zandalasini wa Italia. Wakaondoka kwenda kutumikia mataifa yao, gadi akahitajika, na aliyeujua mfumo wa kocha alikuwa yule yule waliyemwacha. Akarudi, akacheza.

Kwa hiyo andika pembeni: nani kwenye timu ile ana timu ya taifa inayomwita kati ya msimu? Nani ana goti bovu? Kwa kanuni za mpaka 2025, timu ikibaki na wachezaji wazima chini ya 10 iliruhusiwa kusajili mtu wa dharura, na katikati ya msimu kulikuwa na mikataba ya siku saba. Hupigiwa simu zaidi yule aliyekuwa kambini, kwa sababu hana haja ya kufundishwa upya.

Majira ya baridi

Msimu ukiisha, mchezaji mdogo anapanda ndege: Uturuki, Italia, Hispania, Poland, Australia. Tangu 2024 ligi ilikuwa inamfungia msimu mzima aliyechelewa kurudi kutoka nje, lakini sheria hiyo haikuwagusa wenye uzoefu wa miaka miwili kushuka chini. Wachanga walikuwa huru, na wengi wanahitaji, si kwa hela tu. Aliyesugua benchi Marekani miezi minne anapata Ulaya dakika 30 kwa mechi. Ukitaka kujua kama atapanda mwaka wa pili, tafuta takwimu zake za Januari, siyo za Julai.

Hatari ipo. Nika Mühl, Mkroashia aliyechaguliwa namba 14 na Seattle 2024, aliumia goti vibaya akiichezea Beşiktaş ya Uturuki vuli ile ile. Tangu 2025 ipo pia Unrivaled, ligi ya watatu kwa watatu iliyoanzishwa na Napheesa Collier na Breanna Stewart huko Florida. Inalipa vizuri na mtu hatoki Marekani, ila nafasi zake ni chache na hupewa wenye majina.

Pasipoti nayo uiweke kwenye hesabu. Mühl huyo huyo alikosa mechi za mwanzo kwa kusubiri viza ya kazi, kwa kuwa viza ya mwanafunzi haimruhusu mtu kulipwa kwa kucheza. Kwa wasichana wa kwetu wanaopita vyuo vya kule, kama Jane Asinde wa Uganda aliyecheza UTEP, Texas, hilo ni jambo la kuliangalia mapema. Timu ikiwa na watu wawili wanaolingana, mmoja ana karatasi na mwingine anasubiri miadi ya ubalozi, unajua nani atavaa jezi wiki ya kwanza.

Lini uhesabu kura

Sisi tunahesabu mara mbili. Mara ya kwanza ni siku vikosi vinapofungwa Mei: kabaki au kaachwa. Mara ya pili ni mwisho wa mwaka wa tatu, maana hapo timu inakuwa imeshaamua kama inamtaka kwa mwaka wa nne wa mkataba wa awali, na uamuzi huo ni wa timu, si wake.

Wenye haki zinazoshikiliwa usiwape sifuri. Kitley alitibu goti, na 2025 akavaa jezi ya Aces. Na ukiwa na subira zaidi, acha ukurasa mmoja kwa walioachwa na timu zaidi ya moja. Wangu una jina la Alanna Smith: Stanford, namba 8 wa 2019, Phoenix, kisha Indiana waliomwacha 2022, kisha Chicago, kisha Minnesota. Mwaka 2025 alishiriki tuzo ya mzuiaji bora wa ligi pamoja na A'ja Wilson. Kwenye kundi letu hakuna aliyekuwa ametabiri hilo, nami nikiwemo, kwa hiyo soda tulizowekeana dau mwaka ule tulijinunulia kila mtu yake.