Jinsi ya kumwandika shujaa wa katuni anayejichukulia sheria mkononi

Wanaoanza humfanya awe na hasira ukurasa hadi ukurasa. Hasira peke yake haimwambii msomaji kama huyu anatafuta haki au ametekwa na kisasi. Mimi huanza hivi.

Hatua ya 1: Mpe anachodai, mapema. Andika ukurasa ambao muuaji amekamatwa na kufungwa. Shujaa akivua kinyago akaenda kulala, alitaka haki. Akianza kutafuta mwingine wa kuwinda, hapo una hadithi. Punisher, aliyetokea mwaka 1974 ndani ya katuni za Spider-Man, alifiwa na mke na watoto kwa risasi za majambazi, lakini vita yake imewafuata hata wahalifu wasiohusika kabisa na msiba huo.

Hatua ya 2: Mwekee mpaka unaomgharimu. Batman wa mwaka 1939 aliua bila kusita. Mwiko wa kuua ulikuja baadaye, na ndio uliomnogesha, maana kila mara adui yake, Joker, anapotoroka kuna watakaozikwa. Rorschach, mvaa kinyago wa katuni ya Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, ni kinyume chake: hakubali kuficha ukweli hata kama kuusema kunaweza kurudisha hatari ya vita ya nyuklia. Msimamo ule ule, uadilifu na wazimu ndani yake. Usimwamulie msomaji.

Hatua ya 3: Mweke mtu karibu naye, kisha mwondoe. Hapa usiharakishe. Mwaka 1988 wasomaji wa Marekani walipiga kura kwa simu kuamua kama Jason Todd, kijana wa pili kuwa Robin, yaani msaidizi wa Batman, aishi au afe. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. (Tofauti ya kura 72, na simu zenyewe zililipiwa!) Kwa mwandishi, somo liko katika kilichofuata: Batman alipigana hovyo, akajeruhiwa ovyo, hadi kijana Tim Drake akang'amua kwamba bila Robin mtu huyu anaangamia. Basi kabla ya kumwondoa huyo mwenza, onyesha anamzuia shujaa kufanya nini hasa. Akishaondoka, rudia tukio lile lile bila wa kumzuia.

Hatua ya 4: Futa maneno. Kama shujaa anasema "siwezi kuacha", fremu hiyo ichore upya: jambazi ameshaanguka, silaha iko mbali, ngumi bado iko juu.